Wagonjwa wa uchovu sugu wa Kigoma na Tabora nao waingizwe katika utafiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kwa miaka kadhaa sasa limekaa ndani ya nyumba yetu hapa Ujiji, na ambalo naamini limekaa katika nyumba nyingine nyingi za Kigoma na Tabora bila kupewa jina. Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu. Nimeinamia hadubini kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Urambo, kisha Kasulu, na mwishoni hapa mjini, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutafuta vimelea katika damu ya watu wenye homa. Ninachoomba ni kwamba watafiti wa nchi yetu waingie katika utafiti wa pamoja wa ugonjwa wa uchovu sugu, ambao vyuo vikuu na hospitali za mataifa kadhaa wanaufanya kwa kushirikiana, na kwamba waanzie huku magharibi, kwa watu ambao homa yao ilipona kwenye karatasi lakini mwilini haikupona.

Mdogo wangu wa kike alikuwa mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Alikuwa mtu wa kuamka usiku wa manane awahi mitumbwi inaporudi, anunue, aanike, ageuze, achambue, afunge magunia na kuyafikisha stesheni yaende Tabora kwa treni, na bado jioni alikuwa na nguvu za kumsimanga kaka yake kwamba kazi ya kukaa kwenye stuli na kuchungulia kioo si kazi. Masika ya mwaka 2017 alishikwa na homa iliyomlaza wiki tatu. Kipimo kilionyesha malaria, akapewa dawa mseto, homa ikashuka. Niliirudia slaidi yake mwenyewe baada ya dozi na sikuona kimelea hata kimoja. Lakini nguvu hazikurudi, na hazijarudi hadi leo ninapoandika.

Nieleze siku moja tu, kwa sababu anayesikia neno uchovu huelewa kitu kingine kabisa. Jumamosi moja aliamka na nafuu, akaomba akae uani kwenye kigoda achambue beseni moja la dagaa, kazi ya saa moja, akiwa amekaa kitako na mwanae pembeni. Alichambua, akazungumza na majirani, akala vizuri. Jumapili asubuhi tulidhani ameanza kupona. Jumapili jioni shingo ilishindwa kubeba kichwa. Mwanga wa dirishani ulimuumiza macho, tukatundika kanga mbili; sauti ya sufuria ilimuumiza, tukahamishia jiko kwa jirani; kijiko cha uji alishikiwa na mtoto wa miaka tisa. Ilichukua siku nne mpaka aweze kukaa tena. Nyumbani tuna neno letu la hali hiyo, nalo ni lake mwenyewe: "Kaka, nimeangushwa." Huangushwa na beseni la nguo, na mazungumzo marefu ya simu, na safari ya bajaji kwenda hospitali, na mara nyingi pigo lenyewe huja siku ya pili yake, si saa ile ile, ndiyo maana ilituchukua muda mrefu kuona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Ninayo madaftari yake mawili ya matibabu. Ndani yake kuna malaria, kuna taifodi mara nne kwa kipimo cha Widal, ambacho sisi wa maabara tunajua jinsi kinavyopotosha, kuna vidonda vya tumbo, kuna upungufu wa damu ulioandikwa siku ambayo damu yake ilikuwa ya kutosha, na mwishoni kuna msongo wa mawazo. Katika kituo kimoja cha afya alielezwa kwamba mwili umelala kwa kukosa mazoezi, atembee kila asubuhi na kuongeza mwendo kila siku. Alitii. Alitembea chini ya miembe ya Ujiji siku sita mfululizo, akiwa ameshikwa mkono, na baada ya hapo alilala miezi miwili asiweze kwenda msalani peke yake. Simlaumu sana aliyempa ushauri ule, kwa kuwa ndivyo vitabu vingi vilivyokuwa vikifundisha. Uingereza kwenyewe, jaribio kubwa la watu 641 lililochapishwa mwaka 2011 lilisifia mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, wagonjwa wakapiga kelele kwamba yanawaumiza, na ni mwezi Oktoba 2021 tu ndipo taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini humo, NICE, ilipotoa mwongozo mpya unaokataza kuwapa wagonjwa hawa mazoezi ya namna hiyo. Ningependa kila daktari wa mkoa huu aujue mwongozo huo kabla hajamwambia mgonjwa mwingine atembee.

Ugonjwa wenyewe huandikwa kwa herufi ME/CFS, na Shirika la Afya Duniani liliuweka miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu mwaka 1969. Dalili zake zinajulikana: kukosa nguvu kwa zaidi ya miezi sita, usingizi usioburudisha, akili kuwa na ukungu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio mtu anaposimama, na hilo la kuangushwa baada ya kujishughulisha, ambalo ndilo alama yake kuu. Mara nyingi huanza baada ya maambukizi. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha na hakuna dawa iliyoidhinishwa kuuponya. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria mwaka 2015 kwamba nchini mwao wapo wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani, na kwamba angalau robo yao wamefika mahali pa kufungiwa nyumbani au kitandani. Wanaodhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu wajue kwamba Nigeria uliwahi kuchunguzwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2007: wagonjwa walikuwepo.

Sasa nifike kwenye maabara, maana hapo ndipo ninapopajua, na hapo ndipo ilipo sababu ya mimi kusema utafiti huu lazima uwe wa pamoja.

Nilipokuwa kijana Urambo, fundi wangu alinifundisha kuchuja rangi ya Giemsa kila asubuhi kabla ya kupaka slaidi. Siku moja nilikuwa na foleni, sikuchuja. Nikaona vimelea kwenye slaidi ya kwanza, ya pili, ya tano, ya nane, nikaandika majibu kwa haraka na kujiona hodari. Fundi aliitazama moja kwa dakika nzima, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akasema: "Hii ni rangi iliyoganda, mwanangu. Watu wanane wamepewa ugonjwa na chupa yako." Tulizirudia zote. Wagonjwa wa kweli walikuwa wawili.

Kisa hicho ndicho kilichoupata ulimwengu mzima katika ugonjwa huu. Mwezi Oktoba 2009 watafiti wa taasisi ya Whittemore Peterson ya Nevada, Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza katika jarida la Science kwamba wamekikuta kirusi kiitwacho XMRV katika damu ya wagonjwa wapatao theluthi mbili, huku kwa watu wazima wa afya kikipatikana kwa wachache mno. Wagonjwa walilia kwa furaha, kwamba hatimaye kuna kitu cha kuonyesha. Wengine walianza kumeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kisha maabara nyingine zikatafuta zisione, na ikabainika kwamba kirusi kile kilizaliwa ndani ya maabara, katika seli za uvimbe zilizokuwa zimepandikizwa kwa panya, na kwamba kilichoonekana kilikuwa uchafuzi wa sampuli. Jarida liliiondoa makala ile mwezi Desemba 2011. Lililonigusa zaidi ni namna ubishi ulivyomalizwa. Profesa Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwaweka pamoja waliodai na waliopinga, damu ikachukuliwa upya katika vituo kadhaa kutoka kwa wagonjwa 147 na watu wazima wa afya 146, mirija ikapewa namba tu bila majina ili maabara yoyote isijue ipi ni ya nani, na kila upande ukapima kwa mbinu yake. Mwaka 2012 walitoa jibu kwa sauti moja, wakiwemo baadhi ya wale wale waliotoa dai la kwanza: hakikuwepo. Mpimaji wa aina hiyo, anayekubali kupimwa naye, ndiye ninayemtaka katika ugonjwa wa mdogo wangu.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea Norwei. Madaktari wawili wa saratani wa hospitali ya Haukeland mjini Bergen, Øystein Fluge na Olav Mella, waligundua kwamba mgonjwa wao wa saratani ya tezi za limfu, aliyekuwa pia na uchovu sugu, alipata nafuu ya uchovu baada ya tiba. Walijaribu dawa ya rituksimabu kwa watu 30, na matokeo ya mwaka 2011 yalitia moyo sana. Hawakuishia hapo, wala hawakuanza kuiuza ndoto. Walishirikiana na hospitali nyingine, zikawa tano, wakaijaribu kwa wagonjwa 151, na mwaka 2019 wakachapisha wenyewe kwamba dawa ile haikuwa bora kuliko maji ya chumvi. Nawaheshimu sana watu hao. Laiti wangebaki na watu wao 30, leo kuna ndugu angekuwa anauza shamba kumpeleka mgonjwa kwenye sindano isiyomfaa.

Kwa upande wa matumaini upo utafiti uitwao DecodeME, unaoongozwa na Profesa Chris Ponting wa Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa ushirikiano na chama cha wagonjwa, Action for ME. Wagonjwa walishiriki kuupanga tangu mwanzo. Na kwa kuwa wengi hawawezi kutoka kitandani, hawakuambiwa waje hospitali: walipelekewa kichupa kwa posta, wakatema mate, wakakirudisha. Mwezi Agosti 2025 walitoa matokeo ya awali, wakilinganisha wagonjwa 15,579 na watu wengine 259,909, na wakapata sehemu nane za vinasaba ambako wagonjwa wanatofautiana na wasio wagonjwa, baadhi zikihusiana na kinga ya mwili na nyingine na mfumo wa fahamu. Nilipomsomea mdogo wangu habari hiyo aliniomba nirudie ile namba ya kwanza, kisha akanyamaza muda mrefu. Alikuwa hajui kama wapo wengi kiasi hicho.

Lakini wagonjwa hao 15,579 wote ni wenye asili ya Ulaya. Hilo si kosa la watafiti, kwani hesabu za vinasaba hudai kulinganisha watu wa asili moja, nao walianza na waliopatikana. Ila maana yake kwetu ni kwamba kipimo kitakachotokana na kazi hiyo, na dawa itakayofuata, vitakuwa vimepimwa kwa miili ambayo haijapitia malaria kumi kabla ya kuanza shule, haikuishi na papasi kwenye nyufa za nyumba, wala haikunywa maziwa mabichi ya ng'ombe wa jirani. Hatujui mlango wa ugonjwa huu kwetu ni homa ipi. Na sisi tuna homa nyingi kuliko wao.

Mfano wa kuanzia upo, na haukutoka kwenye jiji kubwa. Dubbo ni mji wa mashambani katika jimbo la New South Wales, Australia. Watafiti waliwafuatilia watu 253 waliougua homa tatu tofauti: ya kirusi cha Epstein-Barr, homa ya Q inayotoka kwa mifugo, na ya kirusi cha Ross River kinachoenezwa na mbu. Baada ya miezi sita, asilimia 11 ya watu hao walikuwa na dalili kamili za uchovu sugu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na jambo lililojitokeza ni kwamba haikujalisha mtu aliugua homa ipi kati ya hizo tatu, wala haikujalisha kama kabla ya hapo alikuwa na mawazo; kilichotabiri ni ukali wa ugonjwa wa mwanzo. Fikiri, Ndugu Mhariri, mji wa wafugaji wenye zahanati zake za kawaida ulivyoisaidia dunia kwa kuwauliza tu wagonjwa wake swali ambalo sisi hatuulizi: je, ulipona?

Sisi hata swali la kwanza, la homa gani, mara nyingi hatulijibu. Utafiti uliofanyika Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 uliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliandika malaria kwa watu 528. Malaria ya kweli ilikuwa kwa watu 14. Waliobaki walikuwa na mambo mengine, zikiwemo homa ya Q, bruselosisi, chikungunya, na ile leptospirosisi ambayo tangu mlipuko wa Lindi mwaka 2022 tunaiita homa ya mgunda. Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka slaidi nyingi nilizowahi kuziandikia majibu, na sikulala vizuri.

Hivyo naomba Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo chake Tabora chenye historia ndefu ya kushughulika na malale, ifikirie kufungua daftari la wagonjwa wa homa katika mikoa hii miwili. Mgonjwa aliyethibitishwa homa yake aombwe ridhaa, damu yake kidogo ihifadhiwe katika baridi kali, kisha apigiwe simu au atembelewe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, aulizwe kama amerudi kazini, kama usingizi unamburudisha, na nini kinampata siku ya pili baada ya kulima au kufua. Gharama kubwa si hapo. Gharama iko kwenye nidhamu ya sampuli: muda kati ya kuchomwa sindano na kutenganisha maji ya damu uwe ule ule Kasulu na Urambo, mrija uwe wa aina moja, friji isizimike umeme unapokatika, na yote yaandikwe kwa namna inayolingana na benki za sampuli zilizokwisha kuwepo, kama ile ya London iliyo chini ya chuo cha afya na tiba za nchi za joto, ili mrija wa Kigoma ukiwekwa kando ya mrija wa London mtu aweze kuwalinganisha wagonjwa, asije akawa analinganisha majokofu. Vijana wa maabara tulionao wanaiweza kazi hii. Nimewafundisha baadhi yao.

Kuna jambo moja sitalificha. Watu wa huku wanaogopa kutoa damu kwa watafiti, na hofu hiyo ina jina la zamani, mumiani. Wasomi hulicheka neno hilo. Mimi nimeshuhudia wageni wakija kijijini na masanduku yao ya barafu, wakachukua mirija mia na zaidi, wakaondoka, na hakuna aliyerudi kumwambia mama mmoja hata kwamba hatukuona kitu. Mama huyo akisema ametolewa damu na mumiani, mimi nitamjibu nini? Ushirikiano ninaouomba uanze na ahadi iliyoandikwa ya kurudisha majibu, kwa Kiswahili, na kwa Kiha au Kinyamwezi inapobidi, na mtafiti Mtanzania awe mwenye swali pamoja na wenzake wa nje. Asibaki kuwa mfungaji wa vifurushi. Na pale panapofaa mate badala ya damu, yatumike mate.

Urambo niliwahi kuletewa mwanamume ambaye kijiji kizima kilimwita mlevi na mvivu, kwa sababu alisinzia mchana akiwa ameshika jembe. Nilipoweka tone la damu yake chini ya kioo nikaviona vimelea vya malale vikijinyonga katikati ya chembe nyekundu, nilimwita kaka yake aje achungulie. Alichungulia, akainuka, akamwomba mdogo wake msamaha pale pale maabara. Mimi kwa mdogo wangu sina cha kumwonyesha mtu yeyote. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia majirani waniamini mimi tu.

Madaftari yake mawili nimeyapanga kwa tarehe, na pembeni nimeanza kuandika kila siku anayoangushwa na alichofanya jana yake na juzi yake. Nimemuuliza kama yuko tayari sampuli yake iwe ya kwanza siku daftari hilo litakapofunguliwa. Amekubali, kwa sharti moja aliloniomba niliandike hapa: wakishapima, warudi Ujiji wamwambie walichokiona, hata kama ni bado.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Ujiji, Kigoma.